Mkono Unaoonja Kwanza

Mama yangu mpendwa,

Nimerudi kwenye ule usaili wa uuguzi. Nimeona nikuandikie mwenyewe kabla hujapata habari kwa wengine, maana siku hizi watu wa Nyamirambo wanaokufuata huko uliko ni wengi, na unawajua, mtu wa mtaa wetu hata kaburini anaingia na umbea wake mdomoni.

Naandika nikiwa kwenye kioski chetu cha maziwa. Mvua inanyesha tangu asubuhi, kilima cha Rebero ng'ambo ya bonde hakionekani, na wateja hawaji. Hata jua likiwaka hawaji sana. Nimekalia lile benchi la ukutani, lile ulilolifanya kitanda cha hospitali mwaka wa kwanza nilipokuwa najiandaa, nami nikawa muuguzi wako kwa lazima. Unakumbuka? Mimi nakumbuka mpaka nakereka.

Bwana Athumani, fundi cherehani wa mlango wa pili, ndiye aliyekuwa daktari mkuu. Alikuwa anaingia na futi yake ya kupimia nguo imening'inia shingoni, anakohoa kidogo, anasema, "Haya, tunaanza. Mgonjwa yuko wapi?" Nawe unajitupa kwenye benchi, kitenge juu ya miguu, unaguna mpaka wapita njia wanachungulia. Loo, Mama, ulikuwa mgonjwa msumbufu! Mara mto uko juu, mara uko chini, mara nzi, mara unataka padri. Siku moja nilikwambia wagonjwa wa kweli hawana maneno mengi hivyo. Ukafumbua jicho moja, ukasema, "We ngoja, utawaona."

Athumani alikuwa hajui neno la uuguzi wala Kifaransa cha shule. Maswali yote aliyatoa kichwani mwake. "Binti, mgonjwa amefunga mdomo, hataki dawa. Utafanya nini?" Kabla sijajibu anajibu mwenyewe, "Unamwita mama yake! Wallahi, hakuna njia nyingine." Mnacheka nyinyi wawili, mimi nanuna, kwa sababu majina ya mifupa niliyoyakariri kwa Kifaransa yalikuwa yananitoka kwa kelele zenu.

Swali moja alilirudia kila siku, na hilo ndilo alilopatia: kwa nini unataka kuwa muuguzi? Nami kila siku nilijibu ukweli. Nilisema mama yangu anavimba miguu, hawezi kupanda kilima chetu bila kusimama akashika kifua, na nataka siku moja nijue ni kitu gani kinachomsumbua. Athumani alikuwa anaitikia kwa kichwa. Wewe ulikuwa unakataa ukiwa umelala palepale. "Miguu yangu haiendi kwenye usaili. Tafuta jibu jingine."

Ndivyo ulivyokuwa tangu nikujue. Mwanamke wa Buyenzi, Bujumbura, uliyekuja Kigali kwenye lori la Baba, ukabaki na Kiswahili chako na kiburi chako hata baada ya Baba na lori lake kutorudi tena kutoka njia ya Rusumo. Kinyarwanda kilikuwa cha wateja na cha kanisani. Kiswahili ulikiweka nyumbani, cha kugombana na cha kubembeleza. Ndiyo maana nakuandikia kwa Kiswahili. Leo nina vyote viwili vya kusema, ugomvi na mapenzi.

Na adabu zako je? Katika nyumba yetu hakuna mgeni aliyewahi kupokea kinywaji ambacho mwenyeji hajakionja kwanza. Iwe maziwa, iwe pombe ya ndizi, iwe maji ya mtungini tu. Unamimina, unapiga funda dogo yeye akiona, halafu unampa kwa mikono miwili. Hivyo ndivyo walivyofanya bibi zetu, ili mgeni ajue hana cha kuogopa chini ya paa hilo. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni ulafi ulioruhusiwa. Nilikuwa naomba wageni waje ili nipate funda langu.

Kioskini hatukuonja kila kikombe, nani angeweza? Ulikuwa unaonja mtungi asubuhi, mara moja, mlango ukiwa wazi ili anayepita aone, basi. Siku nzima watu walikunywa mtindi wetu wakapangusa midomo, hakuna aliyekuwa na wasiwasi.

Kisha vita vikaanza kule kaskazini. Baada ya vita vikaja vyama vya siasa, kila chama na kofia yake, na watu waliokuwa wakinywa benchi moja wakaanza kuchagua pa kukaa. Siku moja akaja Innocent, kijana wa kona, uliyemnywesha maziwa tangu hana meno ya mbele. Kofia mpya kichwani. Ukammiminia mtindi wake, kikombe kikubwa, kama kawaida. Hakukipokea.

"Hapana mbaya, Mama," akasema. "Lakini onja kwanza, nione."

Watu wote pale walijua kwamba kuonja ni jambo mwenyeji analolitoa mwenyewe, haliombwi. Kuliomba ni kumwambia mtu usoni kwamba unamdhania mchawi wa sumu. Nilingoja umrushie kikombe. Wewe ulimtazama tu, ukaonja, ukapangusa ukingo wa kikombe kwa ncha ya kitenge, ukampa. Alipoondoka ukaniambia, "Zamani nilikuwa naonja kwa heshima. Leo nimeonja kama mshitakiwa." Ukaenda nyuma kuosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi.

Mambo haya yanaambukiza. Wiki haikuisha, kila mteja akawa anasubiri aone funda. Wengine waliona haya, wakajifanya wanatazama barabarani, lakini hawakugusa kikombe mpaka kionjwe. Na kwa kuwa wewe ulikuwa huwezi kusimama muda mrefu kwa ajili ya miguu, muonjaji akawa mimi. Nilionja asubuhi, nikaonja mchana, nikaonja jioni, mkono ukazoea kupitia mdomoni kwangu kabla ya kwenda kwa mtu. Hata nikijimiminia maji yangu mwenyewe nilianza na funda dogo, nikatulia kidogo, ndipo nikanywa. Athumani akasema nikiendelea hivyo nitazaa ndama. Tulicheka, Mama. Hatukujua kwamba tunacheka kitu gani.

Siku ya usaili ulinipigia pasi ya mkaa lile gauni la buluu, na Athumani alikuwa amenishonea kola mpya nyeupe bila kuombwa. Uliniombea mlangoni, ukanipaka mafuta mikononi, ukasema, "Mikono ndiyo watakayoitazama." Nikashuka mjini nikiyataja majina ya mifupa njia nzima, watu wakinipisha wakidhani nimerukwa na akili.

Ukumbi ulikuwa nyuma ya hospitali. Walikaa watatu: bibi mmoja wa Kizungu aliyekuwa mwalimu, daktari wetu mmoja mwenye mvi na miwani, na bwana wa serikali aliyevaa suti. Huyo wa suti neno lake la kwanza lilikuwa moja tu, kadi. Nikampa kitambulisho. Unajua kilivyo: makabila yote yamechapwa pale, wanayakata kwa mstari yasiyokuhusu, linabaki lako peke yake. Langu limebaki Tutsi. Alilitazama, akaiweka kadi kando, na kuanzia hapo akawa anatazama dirishani.

Mimi sikumjali. Nilijibu, Mama! Mifupa, mapigo ya moyo, mtu aliyeungua maji ya moto unamfanyia nini kwanza, yote kwa Kifaransa kilichonyooka. Swali la Athumani likaja, kwa nini uuguzi, na kwa kukutii nikasema napenda kuwahudumia watu. Jibu jepesi, likapita. Bibi wa Kizungu alikuwa anatabasamu. Mwisho wakanipeleka kwenye kitanda kilichokuwa pembeni. Mhudumu mmoja wa pale alilala akijifanya mgonjwa, na kando yake palikuwa na jagi la maji na kikombe. Daktari akasema, "Mgonjwa huyu ana kiu. Mpe maji."

Nilinawa mikono kwanza, hakuna aliyenikumbusha. Nikamwinua yule bwana kichwa kwa mkono wa kushoto, kama nilivyokuinua wewe kwenye benchi mara zisizo na hesabu. Nikamimina. Na mkono wangu, mkono huu ninaokuandikia, ukapitia mdomoni kwangu. Nikapiga funda dogo, nikampa.

Yule aliyelala, Mnyarwanda mwenzetu, alikunywa bila hata kushangaa. Bibi wa Kizungu akajishika mdomo. Bwana wa suti akaacha dirisha lake, akacheka mpaka akapiga meza. Nilitamani sakafu ipasuke niingie na jagi langu.

Daktari hakucheka. Akaniuliza, "Kwa nini umekunywa maji ya mgonjwa?"

Nikasema, "Ili asiogope."

Kicheko kikakatika. Hakuna aliyemtazama mwenzake pale chumbani. Daktari akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Asante, binti. Mwakani tutafungua tena nafasi," akasema, na nikajua nimekwisha.

Wanasema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mimi nilifunzwa na mama yangu, tena sawasawa, na ulimwengu ukanicheka.

Nilipokusimulia jioni ile nilitegemea utacheka na wewe. Athumani alianza, "Mazoea yana taabu, bwana! Umewapa wakubwa mtindi!" Kisha akauona uso wako, akakusogezea kigoda. Ulikaa chini polepole, ukiushika ukuta.

"Ni mimi," ukasema. "Nimekuharibia mwenyewe."

Nikakwambia habari ya yule bwana wa suti, jinsi alivyoitazama kadi kisha akaniacha. Hukutaka kusikia.

"Ni kikombe."

"Mama, kadi aliiweka kando kabla sijafungua mdomo."

"Ni kikombe, Devota! Umesema mwenyewe kila kitu kilikwenda vizuri mpaka kikombe. Na kikombe kinarekebishika."

Hapo ndipo mateso yangu yalipoanza. Mwaka mzima, Mama! Watu wengine wanajiandaa kwa usaili kwa kujifunza mambo, mimi nilijiandaa kwa kusahau. Ulinikataza kuonja kitu chochote, kioskini na nyumbani. Ukachukua mwiko, ukauweka mapajani, na kila mkono ulipoanza kupanda kuja mdomoni ulinichapa kwenye kifundo. "Mkono!" Nikimpa Athumani maji, "Mkono!" Nikijimiminia chai, "Mkono!" Athumani akaanza kusikia kupitia ukutani, akawa anapiga kelele kutoka kwenye cherehani yake bila hata kuniona, "Mkono, binti, mkono!" Hata watoto wa jirani wakinipita kisimani wakaanza kuniita hivyo. Nilikuwa nakasirika mpaka nalia, na wewe ulikuwa unasema samaki mkunje angali mbichi. Samaki gani mbichi, Mama, msichana mzima mwenye cheti cha sekondari?

Lakini wateja walitaka kuona funda. Kwa hiyo ukawa unaonja wewe. Ulisimama kaunta kutwa nzima na miguu ile, iliyojaa mpaka viatu ikabidi vikatwe kisigino, ukimwonjea kila mtu kikombe chake, maskini na mkwasi, ili mkono wangu upumzike usahau. Nilikusihi ukae. Ukasema, "Mimi sina usaili." Inaniuma, Mama. Naandika hapa na inaniuma.

Ulipolazwa mwaka jana nilikuwa najua kwamba hutatoka, ingawa manesi walisema tusubiri. Nilikaa chini ya kitanda chako na jiko langu na sufuria, kama ndugu wa wagonjwa wote. Ukawa huna tena maneno. Yule mgonjwa msumbufu wa benchi, wa mito na nzi na padri, alikuwa amekwisha, na ningetoa chochote unitume mto. Kumbe nilikuwa nimesema kweli siku ile, wagonjwa wa kweli hawaongei.

Mchana mmoja uliomba maji. Nikanawa, nikakuinua kichwa kwa mkono wa kushoto, nikamimina. Na mkono haukupanda. Ulikwenda moja kwa moja kwako, kama wa muuguzi yeyote. Mimi mwenyewe sikugundua. Wewe uligundua. Ulikitazama kikombe, ukanitazama mimi, ukakitazama tena kikombe, nikadhani hutakunywa. Kisha mdomo wako ukavutika upande mmoja, ile nusu ya tabasamu yako ya kunishinda.

"Umefaulu," ukasema, ukanywa.

Hilo ndilo neno la mwisho nililonalo la kwako. Nilipokuwa nakuzika nililishikilia. Lakini baadaye likaanza kunitafuna. Ukiacha yale mazoezi ya mwiko, katika nyumba yetu hakuna aliyewahi kunywa kitu kisichoonjwa, na wa kwanza ukawa wewe, na aliyekupa ni mimi, mwanao.

Sasa habari niliyokuletea. Walifungua nafasi tena mwaka huu, nikajiandikisha. Kwenda mjini siku hizi ni kazi. Kila njia panda kuna watu wanaotaka kuona kadi, na si askari peke yao, ni vijana wenye kofia, hawana haraka. Walinishikilia darajani mpaka nikadhani nitachelewa. Nilifika na vumbi kwenye ile kola ya Athumani.

Bibi wa Kizungu hakuwepo. Bwana wa suti alikuwepo, akaomba kadi, akaiweka kando. Daktari alikuwepo, mvi zimeongezeka. Nilijibu kama mwaka ule, labda vizuri zaidi. Nilipoulizwa kwa nini uuguzi sikukutii, Mama, nisamehe. Nilisema mama yangu alivimba miguu na amekufa, na sikujua kwa nini. Miguu yako imekwenda kwenye usaili. Daktari alinitazama muda mrefu.

Kisha kitanda, jagi, kikombe. Mtu mwingine alikuwa amelala safari hii, kijana. Nikanawa, nikamwinua kichwa, nikamimina, nikampa. Mkono ulitulia, haukupanda. Na unajua nini? Yule kijana hakunywa. Alikipokea kikombe, akakitazama, akanitazama mimi mdomoni, akalowesha tu midomo yake akarudisha. Alikuwa anasubiri nionje. Mimi niliyekwishajifunza kutoonja nilibaki nimesimama na jagi.

"Vizuri sana," akasema daktari. Akalirudia, "Vizuri sana."

Nilitoka mle ndani nikiwa mwepesi. Nilikwambia kimoyomoyo, Mama, tumeshinda. Kando ya ukumbi kuna bomba la maji, nikasimama ninywe. Mara daktari akaja, akafungua bomba mpaka mwisho, maji yakawa yanapiga kelele, akaanza kunawa mikono ambayo haikuwa michafu. Akasema bila kunitazama, "Binti, usirudi mara ya tatu."

"Nimekosea wapi, daktari?"

"Hukukosea. Nafasi za watu wenye kadi kama yako ni chache, na zilikuwa zimekwisha kabla hujaingia mlangoni."

Nikauliza lile lililonitesa mwaka mzima. "Na mwaka ule? Kile kikombe?"

"Kikombe gani?" akasema. Alikuwa amesahau, Mama! Ilibidi afikirie. Kisha akakumbuka, na sijui kwa nini, akaonekana mzee ghafla. "Aa, kile. Kile kilitupa la kucheka tu. Mambo yalikuwa yamekwisha tangu ulipotoa kadi." Akafunga bomba, akarudi ndani na mikono ikimchuruzika.

Nilipanda kilima mpaka nyumbani bila kuona njia. Nilikuwa na hasira, na sikujua nimkasirikie nani, nikakukasirikia wewe. Mwaka mzima wa mwiko! Mwaka mzima umesimama kaunta na miguu ile kwa ajili ya kikombe ambacho hata aliyekiona hakikumbuki! Ungekaa, Mama. Ungekaa chini tu, ungenyoosha miguu, pengine ningekuwa na mtu wa kumwambia haya kwa mdomo.

Nilimwambia Athumani. Nilikuwa napiga kelele dukani kwake, nasema laiti ungejua, laiti mtu angekwambia kwamba si kikombe. Athumani akatoa mguu kwenye cherehani.

"Mama yako alijua," akasema.

"Alijua nini?"

"Siku ile ile. Wewe ulipokwenda kuteka maji alikuja hapa, akasimama hapo ulipo. Akaniambia, 'Fundi, kadi nyingine siwezi kumtafutia, na wewe huwezi kumshonea. Lakini mkono naweza kumfundisha. Mwachie kikombe.' Nikamwachia." Akachukua tena kitambaa chake, lakini hakushona. "Kila nilipopiga kelele 'mkono' nilikuwa namsaidia yeye, si wewe."

Basi nimekaa hapa na neno hilo, Mama. Mwachie kikombe. Ulijua tangu mwanzo. Ulilibeba kosa ambalo halikuwa lako, ukalivaa kama kitenge, ili mimi niwe na kitu cha kurekebisha asubuhi nikiamka. Kama ungenikubalia kwamba ni kadi, ningelala chini siku ile nisiamke. Uliniona vizuri. Unanijua. Lakini sasa kikombe nimekirekebisha, na hakuna kingine cha kurekebisha. Hilo hukulipangia, au ulilipangia ukijua hutakuwepo kuliona.

Athumani anasema niende kwa wajomba, Buyenzi. Nimemwuliza njia gani, na kadi hii, na Bujumbura kwenyewe kunawaka tangu mwaka jana. Akasema, "Basi kaa karibu na ukuta wangu." Jana Innocent alikuja na wenzake. Hawakuagiza maziwa. Aliuliza tu kama bado naishi peke yangu mle ndani, akatazama mlango, akatazama dirisha, akasema haya, salama. Hata kuniambia nionje hakuniambia. Sikuwahi kudhani nitakuja kulikosa tusi lile.

Sitaki kukudanganya kwamba nina matumaini, maana ungeona. Ninafungua kioski kwa sababu ni asubuhi, ninafunga kwa sababu ni jioni. Majina ya mifupa bado yote ninayo kichwani, nayahesabu nikishindwa kulala, na sioni yatanifaa kwa lipi.

Kabla ya kuanza barua hii nimekitoa kikombe chako cha bati, kile kilichobonyea pembeni. Nimemimina mtindi uliobaki. Mkono umepanda wenyewe mpaka mdomoni, kama ulivyonifunza mwanzo, si kama ulivyonifunza baadaye, na hakuna aliyenichapa. Nimepiga funda dogo. Nikakishika kwa mikono miwili, nikageuka, nikakosa wa kumpa.

Lala, Mama. Nyoosha miguu sasa. Hukuniharibia kitu.

Mwanao,
Devota